Mama anaanguka usiku akienda chooni, naomba ushauri wa marumaru zisizoteleza

Kijana wa Ipagala
Wakuu, habari za jioni. Mama yangu ana miaka 78, mtu wa Kongwa. Msimu huu amelima uwele mwenyewe, miguu ina nguvu. Ila ameanguka mara mbili usiku akienda chooni. Marumaru za choo zinang'aa sana, na fundi nimeshampa kianzio aje azing'oe Jumamosi. Zipi hazitelezi? Na kuna vidonge vya kuongeza nguvu za mwili?

Fundi Chang'ombe
Za kukwaruza zipo, lakini kinachookoa mzee ni chuma cha kushikia. Tafuta bomba la inchi moja na robo, lifungwe sentimeta 85 hadi 90 kutoka sakafuni, moja kando ya choo, jingine mlangoni. Bolti ziingie kwenye tofali lenyewe. Zikiingia kwenye lipu tu zitang'oka siku atakayoegemea kwa uzito wote. Kandambili apumzike nazo, hazishiki kisigino.

Bi Zabibu
Mwanangu, mzazi hatunzwi kwa marumaru. Hewa ya Dodoma ni kavu, na mzee kiu haimjii hata mwili ukiwa umekauka. Wengi hujizuia kunywa ili wasiamke usiku. Mpe kidogo kidogo tangu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, uji uhesabiwe humo. Kama ana ugonjwa wa moyo au figo, kiasi aulizwe daktari.

Nesi wa Zamu
Anatumia dawa gani, na saa ngapi?

Kijana wa Ipagala
Za presha tu, za kliniki.

Nesi wa Zamu
Taja kila pakiti iliyomo ndani, hata uliyonunua duka la dawa.

Kijana wa Ipagala
Amlodipini na ile ya kukojoza. Zimeandikwa asubuhi, lakini mimi natoka alfajiri na dada wa kazi simwachii dawa, kwa hiyo nampa saa tatu usiku nikirudi. Pamoja na piritoni mbili ili alale. Na analala vizuri, sioni kosa liko wapi.

Mdadisi
Uzi wa kutunga huu. Mama analima uwele Kongwa, halafu hapo hapo ana dada wa kazi, marumaru na mtoto anayerudi saa tatu usiku? Chagua hadithi moja.

Kijana wa Ipagala
Situngi. Nilimleta Ipagala baada ya mavuno. Sikutaja kwa sababu ndugu zangu wanasema nimemlazimisha. Harudi kijijini, kule yuko peke yake. Huku chumba chake kina kizingiti cha kushuka kuelekea choo, na mlango uko kushoto. Kwake ulikuwa kulia.

Nesi wa Zamu
Basi picha imekamilika. Dawa ya kukojoza huanza kazi ndani ya saa mbili, kwa hiyo saa tano na kuendelea kibofu kinamwamsha. Piritoni bado imo kichwani: kwa mzee hukaa muda mrefu, humtia kizunguzungu, humchanganya, na huweza kuzuia mkojo usiishe. Anainuka gizani kwenye nyumba asiyoizoea, presha inashuka. Usiku wa leo usimpe piritoni.

Mpime presha akiwa amelala dakika tano, kisha amesimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Mtu awe kando yake. Je, aligonga kichwa? Akianza kutapika, kusinzia kupita kawaida au kuongea ovyo, hata wiki kadhaa baadaye, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Kijana wa Ipagala
Kichwa hapana, ni kiwiko. Nimempima kwa mashine ya jirani: amelala 146/80, dakika ya kwanza amesimama 118/70. Akashika ukuta. Nimwachishe zote?

Nesi wa Zamu
Hapana, presha itapanda. Ila namba ya juu ikishuka 20 au ya chini 10, hilo ni tatizo, na yeye ameshuka 28 na 10. Kesho beba pakiti zote na vipimo hivyo kliniki, daktari apange dozi na saa upya. Dada wa kazi umfundishe, siku moja inatosha: kiboksi chenye vyumba saba, kimoja kila asubuhi. Usiku mama akae ukingoni mwa kitanda dakika mbili, achezeshe nyayo, ndipo asimame. Weka ndoo yenye kiti imara kando ya kitanda.

Bi Zabibu
Na mwulize mwenyewe anataka kulala chumba kipi.

Fundi Chang'ombe
Kianzio ulichotoa kibadilishie kazi. Marumaru zisubiri. Jumamosi afunge bomba mbili, ahamishie swichi ya taa kitandani, na asawazishe kizingiti. Kila sentimeta moja ya kimo inataka sentimeta 12 za mteremko: kizingiti cha 10, mteremko wa 120. Akiufanya mfupi kuliko hapo, utamwangusha vilevile.