Mjadala: Bwawa la Julius Nyerere na watega migono wa Rufiji

Mwana wa Mohoro: Waheshimiwa, megawati 2,115 tulizishangilia, nami nilikuwemo. Ila maziwa ya bonde la chini, kama Zumbi na Ruwe, huishi kwa mafuriko: maji yakipanda, samaki huingia kuzaliana, yakishuka, sisi hutega migono, yaani mitego ya samaki ya vikapu, kwenye mifereji. Tangu bwawa lianze kujazwa Desemba 2022, kupanda na kushuka huko kumo mikononi mwa wenye milango ya bwawa. Je, mtegaji anakumbukwa?

Fundi Umeme: Ndugu yangu, Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zilipozama, ninyi hao hao mlililaumu bwawa kwa kuachia maji, na leo mnalilaumu kwa kuyazuia. Tena, kwa heshima zote, kutumbukiza kikapu mtoni kisha kurudi kulala si kazi ya kuisimamishia nchi.

Mjukuu wa Mtegaji: Kurudi kulala! Babu yangu alichonga fito moja moja, akazifunga kwa kamba, akasuka koo la ndani likielekea ndani ili kambale apite asirudi. Koo likizidi upana kidogo tu, asubuhi unainua mgono mtupu, na mamba yuko hatua chache anakutazama. Aliyelala ni nani hapo?

Kobe wa Kibiti: Mmeng'ang'ania kikapu na wanyama mmewasahau. Pori la akiba la Selous, lilipo bwawa, si liliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini kwa sababu ya bwawa hili?

Fundi Umeme: Hapana, mzee wangu. Liliingizwa 2014, kabla ya mkataba wa ujenzi wa 2018, na sababu ilikuwa ujangili, uliowashusha tembo kutoka takriban 110,000 miaka ya 1970 hadi kama 13,000 mwaka 2013. Bwawa halibebi bunduki.

Kobe wa Kibiti: Halibebi, lakini limefunika makazi yao, na Stiegler, mgeni ambaye korongo la bwawa hili liliitwa kwa jina lake, aliuawa na tembo mwaka 1907.

Mwana wa Mohoro: Turudi mtoni. Mafuriko tuliyoyazoea hupanda taratibu, na yakiondoka huacha tope la kilimo cha mlau, kile cha kupanda maji yakishapungua. Maji ya ghafla huondoka na mgono na mahindi pamoja. Sikuomba bwawa livunjwe. Naomba tuambiwe mapema siku ya kuachia maji.

Fundi Umeme: Hilo nalikubali. Lakini "bwawa halibebi bunduki" mbona hamkulijibu?

Mjukuu wa Mtegaji: Jibu kwanza la kulala.