Kwa nini watoto wachanga weusi Marekani wanafariki zaidi?

Mama Kijacho: Habarini, niko Ohio na mimba ya miezi saba, jana nesi kaniambia watoto weusi huku wanafariki kabla ya mwaka mmoja mara mbili zaidi ya wazungu, sijalala. Ni umaskini au?

Binti Pwani: Pole dada. Takwimu za 2022 ni vifo karibu 11 kwa kila watoto weusi 1,000 wanaozaliwa hai, wazungu 4.5. Umaskini upo ila hautoshi, hata mama mweusi mwenye digrii mtoto wake yuko hatarini kuliko wa mzungu asiyemaliza sekondari. Wengi wanaofariki ni njiti.

Mjomba: Na sio damu. 1997 madaktari David na Collins walichapisha utafiti wa Illinois, watoto wa kina mama weusi waliozaliwa Afrika uzito wao wa kuzaliwa ulikaribia wa wazungu kuliko wa Wamarekani weusi. Ubaguzi wa maisha yote unachosha mwili jamani.

Mama Pacha: Mi kichwa kiligonga, miguu imevimba mpaka navaa ndala za mume wangu, wakaniambia kanywe maji ulale. Mume akagoma kutoka mpaka wapime presha, 170! Walizaliwa wiki ya 33. Mdogo wangu usiende kliniki peke yako, na wakitaka kukurudisha nyumbani we kaa hapohapo kliniki.