Mjadala: Majumba marefu ya Kilimani na Kileleshwa, je, idhini zisitishwe hadi mabomba yapanuliwe?

MKAZI WA KILIMANI (mwanzilishi)

Naufungua mjadala huu kuhusu jambo ambalo kila anayeishi magharibi mwa Nairobi analiona akiinua macho: majumba ya ghorofa kumi na tano, ishirini na zaidi yanayoota Kilimani, Kileleshwa, Lavington na Westlands, katika viwanja ambavyo si zamani vilikuwa na nyumba moja, bustani na kibanda cha mtumishi kwa nyuma. Nauweka msimamo wangu wazi mapema ili nisidhaniwe kuwa naililia bustani. Sipingi urefu. Ninachopinga ni kaunti kuidhinisha ghorofa kabla ya kueleza maji ya kuzifikia yatatoka wapi, majitaka yatapita katika bomba gani na magari yatatokea barabara ipi. Napendekeza idhini za majumba yanayozidi ghorofa nne zisitishwe katika mtaa wowote ambao bomba lake kuu la majitaka halijapanuliwa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kiwanja cha nusu ekari kilichokaliwa na familia moja na wafanyakazi wake kilikuwa na watu wanane, tuseme kumi. Jumba la ghorofa 15 lenye nyumba nane katika kila ghorofa lina nyumba 120. Na kwa kuwa sensa ya 2019 ilionyesha kuwa kaya ya Nairobi ina wastani wa watu wasiotimia watatu, hapo pana watu wapatao 350. Kila mmoja akitumia lita 100 kwa siku, jumba hilo moja linahitaji lita 35,000, yaani malori matatu na nusu ya lita 10,000, kila siku iendayo kwa Mungu, na sehemu kubwa ya maji hayo inateremka tena kama majitaka katika bomba lililolazwa kwa ajili ya nyumba ya watu kumi. Mvua kubwa ikinyesha, vifuniko vya mashimo ya majitaka huinuka vyenyewe, na kinachotoka hapo hushuka mpaka mto Kirichwa Kubwa.

Maji safi nayo yana hadithi yake. Jiji hili linategemea kwa sehemu kubwa bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073, na mgao wa maji wa wiki kwa wiki ni jambo la kawaida hata katika mitaa inayoitwa ya kifahari. Pengo hilo linazibwa kwa malori na visima virefu, na kila jumba linapochimba chake, jirani hulazimika kwenda chini zaidi kuyafuata maji ambayo mahali pengi Nairobi yana floraidi nyingi.

Sheria inataka umma ushirikishwe. Kifungu cha 69 cha Katiba kinalitaja jambo hilo katika utunzaji wa mazingira, na ripoti ya tathmini ya athari za mazingira inayopelekwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, huwa na maoni ya majirani. Maoni hayo hukusanywaje? Nimeyaona yakikusanywa langoni petu. Kijana mmoja mwenye adabu zake alifika saa nne asubuhi, watu wakiwa kazini, akampa bawabu fomu yenye maswali. Bawabu, ambaye anaishi Kawangware na hana sababu ya kugombana na mtu, aliandika "ndiyo" alipoulizwa kama mradi utaleta ajira, akaacha wazi penye swali la majitaka, akatia sahihi. Hiyo ikawa ndiyo kauli yetu sote tunaoishi nyuma ya lango lile.

Atakayesema kuwa miundombinu hufuata ujenzi, namwomba aikumbuke Upper Hill. Ulikuwa mtaa wa makazi, wenye nyumba za wafanyakazi wa serikali na wa reli tangu enzi za ukoloni, kisha ukafunguliwa kwa ofisi. Minara ikaja, pamoja na ile miwili inayoonekana kutoka kila upande wa jiji, UAP Old Mutual na Britam, ilhali barabara zilibaki za ukubwa uleule kwa miaka mingi, na zilipoanza kupanuliwa magari tayari yalikuwa yamejaa. Karibuni tujadiliane.

MCHORA RAMANI

Ndugu mwanzilishi, hoja yako ya mabomba naiafiki, lakini pendekezo lako nalikataa, tena kwa sababu ambayo nadhani hukuikusudia. Ukomo wa ghorofa nne unaoutaja, ambao umo katika mwongozo wa ujenzi wa jiji wa 2004, uliwekwa juu ya ramani iliyokwisha kuchorwa na wakoloni. Vilima vya magharibi vyenye udongo mwekundu na upepo walipewa Wazungu katika viwanja vikubwa. Parklands ikawa ya Wahindi. Waafrika wakasukumwa mashariki, kwenye udongo mweusi, katika vyumba vya kupanga. Kusitisha idhini leo maana yake ni kuigandisha ramani hiyo, na mtu anayefanya kazi Westlands aendelee kulala Kitengela au Juja, nje ya jiji, na kutoka nyumbani alfajiri ya giza.

Kuna jambo la pili, la kiufundi. Bomba moja linalohudumia nyumba 120 zilizopandiana ni rahisi zaidi, kwa kila nyumba, kuliko kilomita za mabomba ya kuzifuata nyumba 120 zilizotawanyika kwenye mashamba ya kahawa ya zamani huko Ruaka na Ruiru, au kwenye nyika za Kitengela ambako watu wengi bado wana mashimo yao wenyewe ya majitaka. Jiji lisilopanda juu linatambaa, na kutambaa kuna gharama ambayo hamuioni kwa kuwa hailipwi Kilimani.

Nakubali kwamba karani hanunui nyumba Kileleshwa, na kwamba nyingi ya nyumba hizi za chumba kimoja hununuliwa zikiwa bado kwenye ramani na mtu aliye ughaibuni, kisha zikakodishwa kwa siku mbili tatu kwa wageni kupitia mtandao wa Airbnb. Hilo ni tatizo, ila ni tatizo jingine. Tusilitumie kama fimbo ya kuyachapia majengo yote.

MPANGAJI WA PIPELINE

Nawasoma mkihesabu lita, na nataka kuwakumbusha kwamba Nairobi ina majumba marefu ya aina mbili. Mimi naishi Pipeline, Embakasi, ghorofa ya saba, jumba lisilo na lifti. Maji ni ya mitungi ya lita 20, na kijana anayeipandisha anatoza kwa ghorofa, hivyo sisi wa juu tunaoga kwa hesabu. Nikinyoosha mkono dirishani karibu niuguse ukuta wa jumba la pili. Mchana nawasha taa.

Hakuna chama cha wakazi kilichokwenda mahakamani kwa ajili yetu. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha, jumba lilianguka Huruma kando ya mto, wakafa watu karibu 50, na ilielezwa baadaye kwamba lilikuwa limekwisha kuorodheshwa kubomolewa. Leo mnajadili kusitisha idhini za Kilimani. Mwenye fedha akikatazwa huko atazipeleka wapi? Atazileta huku, ambako fomu yenyewe haina hata wa kuletewa.

MKAZI WA KILIMANI

Ndugu wa Pipeline, umenigusa mahali ambapo pendekezo langu lina tundu. Nililiandika kana kwamba mabomba ni ya magharibi tu. Naliandika upya: kipimo kiwe bomba kuu, popote lilipo, na sitisho lifuate bomba bila kufuata jina la mtaa. Kwa kipimo hicho Embakasi inaweza kutangulia Kilimani, na sitakuwa na la kulalamika.

Mchora Ramani, hesabu yako ya kwamba nyumba zilizopandiana ni nafuu kuhudumia ni sahihi kwenye karatasi, lakini unafuu huo unamfaa nani ikiwa hakuna anayelipia bomba jipya? Tazama kodi ya viwanja. Kwa miongo mingi kaunti, na halmashauri ya jiji kabla yake, imetoza kodi hiyo kwa thamani ya ardhi tupu, bila kuhesabu kilichojengwa juu yake, na kwa miaka mingi thamani yenyewe ilisomwa katika orodha ya miaka ya 1980. Kwa hiyo viwanja viwili vinavyopakana, vya ukubwa mmoja, kimoja kina ajuza na mbwa wake wawili na kingine kina nyumba 120, vilikadiriwa kwa msingi uleule. Jumba linaongeza majitaka mara thelathini na tano, na kodi ya kiwanja haiongezeki hata shilingi kwa sababu hiyo. Kisha tunashangaa kwamba bomba ni lilelile.

MAMA WA OTHAYA ROAD

Huyo ajuza ni mimi, ila mbwa nilikuwa naye mmoja. Niliuza mwaka jana. Watoto wako ng'ambo, nyumba ilikuwa inavuja, majumba mawili yalikuwa yamekwisha kunizibia jua asubuhi na jioni, na kila wiki dalali alikuwa langoni. Nimelipwa fedha ambazo marehemu mzee wangu hakuwahi kuziota. Ninyi vijana mnaotaka idhini zisitishwe, semeni wazi kwamba mnazungumzia bei ya kiwanja cha mjane pia. Jirani aliyeuza kiwanja kabla yangu amekwisha kula chake. Mimi ndiye ningeambiwa nisubiri bomba.

MCHORA RAMANI

Shikamoo mama. Umesema jambo ambalo sisi wataalamu hulikwepa: sitisho huwatajirisha waliotangulia na kuwafunga waliochelewa.

Kuhusu kodi, mwanzilishi, utaratibu wa kutoza ardhi tupu una sababu yake, na mimi ningesikitika ukifutwa wote. Unambana anayeilaza ardhi katikati ya jiji akingoja bei ipande, na haumwadhibu anayejenga. Kasoro yake ni kwamba hauoni mzigo. Kwa maoni yangu kodi ibaki kwa ardhi, kwa bei ya leo, na mzigo ulipiwe mahali pengine: kila ghorofa inayozidi ya nne itozwe ada ya mara moja wakati wa idhini, iwekwe katika akaunti isiyoguswa isipokuwa kwa bomba, mtaro na barabara ya eneo hilohilo. Mjenzi atalia kwamba bei ya nyumba itapanda. Sidhani itapanda kwa kiwango hicho chote. Akijua ada hiyo mapema, atampunguzia mama bei ya kiwanja, na hapo ndipo ugomvi wa kweli utakapokuwa.

Na kabla hamjaniuliza: ndiyo, nina mashaka kama akaunti ya kaunti inaweza kubaki bila kuguswa.

MWANASHERIA WA MAZINGIRA

Niongeze kidogo upande wa sheria, kwa sababu naona mnajadili sitisho kana kwamba linaweza kutangazwa asubuhi moja na afisa wa mipango. Wakazi wa Rhapta Road, Westlands, walipokwenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi kuyapinga majumba marefu, mabishano ambayo yalifika hadi Mahakama ya Rufani, mojawapo ya maswali makuu lilikuwa hili: ukomo wa ghorofa unaotumika ni upi, ule wa mwongozo wa 2004, au ule wa sera ya udhibiti wa ujenzi ya 2021 iliyokuwa bado rasimu? Jiji linalobishana mahakamani kuhusu karatasi ipi ndiyo sheria haliko tayari kwa sitisho wala kwa ada. Pande zote mbili zinaumia. Mkazi hajui atajengewa nini ukutani, na mwekezaji aliyekwisha kuchimba msingi kwa mkopo wa benki anaweza kuambiwa kibali chake ni batili. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inazipa kaunti mamlaka ya kutosha. Kinachohitajika ni bunge la kaunti kuipitisha sera hiyo, ikiwa na ukomo wa kila eneo na ada ya Mchora Ramani ndani yake.

Wakati huo ukingojwa, kuna njia ambayo haihitaji kesi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa raia yeyote haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa taasisi ya umma, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Ombeni mambo matatu tu kuhusu bomba kuu la eneo lenu: lililazwa mwaka gani, limekadiriwa kubeba kiasi gani kwa siku, na idhini zilizokwisha kutolewa zitaliongezea kiasi gani. Barua iwe fupi, isiwe na malalamiko ndani yake.

MKAZI WA KILIMANI

Nakushukuru. Nitaiandika ya Kilimani wiki hii na kuiweka hapa kabla ya kuituma, muisahihishe. Mama, ukiwa bado una nakala ya ramani ya zamani ya kiwanja chako inayoonyesha njia ya bomba, itatusaidia sana.

MAMA WA OTHAYA ROAD

Ninayo, ndani ya sanduku la mzee. Ila mjue inaonyesha bomba likipita chini ya mahali ambapo sasa pamechimbwa maegesho ya ghorofa mbili za chini.

MPANGAJI WA PIPELINE

Iwekeni hiyo barua, nami nitabadilisha jina la mtaa tu. Mwanasheria, nikimpata wa kutia sahihi pamoja nami katika kila ghorofa ya jumba letu, barua ipelekwe kampuni ya maji au kaunti?

MWANASHERIA WA MAZINGIRA

Zote mbili, siku moja, na mgonge muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu.