Wanasema uchumi umeamka. Mbona simiti inaganda stoo?

Mama Mabati, Nakuru

Wadau, hamjambo. Nauza vifaa vya ujenzi upande wa Kaptembwo: mabati, misumari, simiti, rangi, mabomba. Mdogo wangu yuko ofisini Nairobi na kazi yake ni kunitumia vichwa vya habari. Shilingi imetulia. Benki Kuu imeshusha riba tena. Mfumuko wa bei uko chini. Mimi namjibu kwa picha ya mifuko ya simiti iliyoanza kufanya mabonge kwa kukaa.

Sisemi wanadanganya. Januari 2024 dola ilipopita shilingi 160, msambazaji wangu wa misumari alikuwa na bei ya asubuhi na bei ya jioni. Sasa dola imekaa kwenye 129 hivi tangu katikati ya 2024 na bei ya mabati haitushtui tena. Hilo nalikubali. Lakini yule mteja aliyezoea kubeba mabati ya nyumba nzima kwa mkupuo, siku hizi ananunua matano, anayahifadhi kwa shemeji, anarudi akipata. Mafundi wanakaa hapa nje mpaka saa sita, kisha wanahamia kwenye drafti.

Walionikaba kabisa ni wakandarasi wadogo wanaofanyia kaunti kazi. Jina la kaunti silitaji, msiniulize. Wanachukua mali kwa oda iliyopigwa muhuri, kaunti hailipi, wao hawanilipi, na mimi kila Ijumaa napokea simu ya msambazaji.

Swali langu. Benki iliyoninyima mkopo 2024 sasa inanipigia yenyewe, eti nina sifa. Nichukue nijaze stoo wakati huu wa kiangazi, watu wajenge kabla ya mvua ya Machi? Au ningoje? Na huu uchumi ulioamka ni wa nani?

Karani Mstaafu, Kisumu

Mama, pole, na hongera kwamba mlango bado uko wazi. Nilikuwa meza ya mikopo mpaka nikastaafu, kwa hivyo nitakueleza ya upande ule wa meza.

Benki haijakupenda ghafla. Katikati ya 2024 serikali ilikuwa inalipa karibu asilimia 16 kwa hati zake za kukopa za siku 91. Meneja gani atahangaika kukagua stoo ya Kaptembwo huku Hazina inampa 16 bila jasho? Ndiyo maana mwishoni mwa mwaka ule mikopo kwa wafanyabiashara na watu binafsi nchini ilipungua badala ya kuongezeka. Sasa hati zile zinalipa takribani nusu ya hapo. Pesa imekosa pa kulala, ndipo ukapigiwa simu.

Halafu fanya hesabu hii. Riba ya Benki Kuu ilikuwa asilimia 13 mwanzoni mwa 2024. Agosti mwaka huo ikaanza kushushwa kidogo kidogo, na Desemba 2025 ikafika 9. Riba anayotozwa mkopaji wa kawaida ilikuwa karibu 17 mwishoni mwa 2024, na mwaka mmoja baadaye bado iko kwenye 15 hivi. Juu wameshusha pointi nne, kwako zimefika mbili. Zile nyingine usiniulize ziko wapi, nimekula mshahara huko.

Mfumuko wa bei nao ukiwa chini haina maana bei zimeshuka. Oktoba 2022 ulifika asilimia 9.6, Oktoba 2024 ukawa 2.7. Lori likipunguza mwendo pale mlimani Salgaa halijarudi Nakuru, bado linapanda.

Lakini linalokugusa wewe hasa ni hili. Mwaka 2024 uchumi ulikua kwa asilimia 4.7, na sekta ya ujenzi peke yake ikarudi nyuma kwa 0.7. Kwa hivyo mifuko yako haikudanganyi. Mwaka 2025 ujenzi umeanza kukua tena, ila tazama nani amelipwa kwanza. Serikali ilikopa kwa kuweka rehani shilingi saba za kila lita ya mafuta kutoka ushuru wa barabara, ikapata fedha za kuwalipa wakandarasi wakubwa waliokuwa wakidai tangu zamani. Barabara ya Rironi hadi Mau Summit nayo imezinduliwa Novemba na inapita hapo kwenu. Hao wote huagiza simiti kiwandani moja kwa moja. Hawasimami Kaptembwo kuulizia mfuko mmoja. Pesa yao itakufikia siku dereva wa tingatinga atakapoamua kumalizia nyumba ya mamake, na hiyo huchukua muda.

Mwalimu, Khayega

Mzee amesema kweli, ila amesahau sisi wa mshahara, ambao ndio tunaonunua hayo mabati matano. Chukua mtu wa mshahara wa 60,000. Zamani bima ya afya ya NHIF ilikata 1,300. Tangu Oktoba 2024 SHA iliyochukua nafasi yake inakata asilimia 2.75, yaani 1,650. Ada ya nyumba asilimia 1.5, nyingine 900. Bado hujagusa pensheni, bado sako, chama chetu cha akiba na mikopo, haijachukua chake. Tangu Julai 2023 ushuru wa thamani (VAT) kwenye mafuta ni asilimia 16 badala ya 8, kwa hivyo nauli nayo ikapanda. Mswada wa Fedha wa 2024 uliondolewa baada ya vijana kumiminika barabarani, lakini haya makato mengine yalikuwa yameshaingia au yalifuata. Nyumba yangu imefika usawa wa lenta na imesimama hapo. Mke wangu ameanika mahindi juu ya matofali yaliyobaki.

Mkulima wa Miwa, Muhoroni

Huku tulisomwa kwenye takwimu nzuri. Sukari ya 2024 ilivunja rekodi, zaidi ya tani 800,000, kutoka chini ya 500,000 mwaka uliotangulia ambao viwanda vilifungwa kwa uhaba wa miwa. Haya, 2025 viwanda vinne vya serikali vikakodishwa kwa miaka 30, na Julai usagaji ukasimamishwa tena magharibi kwa sababu miwa imekwisha, ilikatwa ikiwa michanga. Ukuaji wa namna hiyo siujengei nyumba. Nitanunua mabati nikiona malipo ya mavuno mawili mfululizo yamekuja kwa wakati.

Kijana wa Kondele

Uchumi wangu uko Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Ukiamka mwambieni anilipe.

Mama Mabati, Nakuru

Nimecheka, kijana. Asanteni nyote.

Nimesoma ya Mwalimu mara mbili kwa sababu huyo ndiye mteja wangu haswa, na bado hajarudi. Basi kujaza stoo nzima kwa mkopo wa 15, hapana. Nitachukua kidogo, ya mabati na misumari tu, vitu visivyoganda. Simiti nitaagiza kwa wiki. Na wakandarasi wa kaunti kuanzia sasa ni pesa mkononi, hata akija na barua ya gavana. Wataninunia, lakini wakininunia bila mali yangu ni afadhali.

Mzee, nikienda benki niulize nini ili wasinizungushe?

Karani Mstaafu, Kisumu

Uliza riba inahesabiwa kutoka kiwango gani cha msingi, na wao wameongeza asilimia ngapi juu yake. Wakuandikie. Uliza ikishuka huko juu, yako inashuka baada ya muda gani. Uliza ada ya kushughulikia mkopo na ya bima, maana hizo hukatwa kabla hujaona shilingi. Ukipewa kijana anayesema "usijali, mama", omba uongee na mkubwa wake.