Mtoto wetu amegongwa na matatu: tuanzie wapi kujua ukweli?

Mzazi_Thika: Mwanetu wa miaka 9 amegongwa na matatu akitoka shuleni, akafariki njiani kuelekea hospitali. Polisi wanasema alikatiza barabara ghafla. Mwenzake aliyekuwa naye anasema gari ndilo lililopanda kando walikokuwa wakitembea. Mkononi tuna nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) peke yake, na mazishi ni Jumamosi. Tuanzie wapi?

Mkaguzi wa Magari: Pole sana, mzazi. Msizike kabla ya uchunguzi wa maiti, maana kufukua baadaye kunahitaji amri ya mahakama. Mwombeni daktari apime kila jeraha liko sentimita ngapi kutoka kisiginoni, na kama liko mbele, nyuma au ubavuni. Jeraha la mgongoni halilingani kirahisi na mtoto anayekatiza barabara. Nguo na viatu visifuliwe: vikaushwe kivulini, viwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Plastiki huleta ukungu unaoharibu ushahidi kama damu. Vipigeni picha, kisha mpelelezi atie sahihi anapovipokea.

Halafu barabara. Alama za breki hufutika upesi, kwa hiyo nendeni leo na utepe wa kupimia. Kwenye lami kavu, alama ya mita 20 huonyesha gari lilikuwa likienda kilomita 60 hivi kwa saa au zaidi, na kikomo mjini ni 50. Gari lenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga breki zinapokanyagwa) huenda lisiache alama. Pimeni pia vioo vilivyovunjika viko umbali gani kutoka ukingo wa lami. Vikiwa vingi nje ya lami, maelezo ya yule mtoto yanapata nguvu. Ulizeni kama matatu imekaguliwa breki, tairi na usukani kabla ya kurudishiwa mwenyewe. Ikishapita gereji, ushahidi huo umekwisha.

Fundi Kamera: Kamera za maduka na vituo vya petroli hufuta picha za zamani zenyewe, nyingine baada ya siku chache tu. Pelekeni barua leo mkiomba zihifadhiwe. Linganisheni saa ya mashine inayorekodi picha na saa halisi, muandike zimepishana dakika ngapi. Mpelelezi ndiye achukue nakala, na mwenye mashine asaini cheti cha ushahidi wa kielektroniki.

Wakili Nakuru: Poleni sana. Yule mtoto msimhoji tena na tena nyumbani. Kumbukumbu yake itabadilika, na mahakamani ataambiwa amefundishwa. Aandikishe taarifa mara moja, mzazi wake akiwepo.

Polisi wakifunga faili, mwandikieni DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma) mkiomba uchunguzi wa kifo mbele ya hakimu, chini ya vifungu vya 387 na 388 vya sheria ya mwenendo wa kesi za jinai. Kesi ya fidia ifunguliwe ndani ya miaka 3, na kampuni ya bima ipewe notisi kabla ya kesi kufunguliwa au ndani ya siku 14 baadaye. Mwenye gari akileta mchango wa mazishi, msitie sahihi karatasi yake yoyote kabla wakili hajaisoma. Mara nyingi imeandikwa kwamba mmelipwa na hamna dai tena.