Rais wa Marekani ana mamlaka ya dharura, mbona mdogo wangu halipwi?

Mama Chapo, Malaba (6 Novemba 2025)

Wadau hamjambo. Siasa siijui, mimi ni mtu wa chapati. Nina kibanda kando ya foleni ya malori hapa Malaba, upande wetu wa Uganda, na swali langu limeanzia kwenye karo.

Mdogo wangu anakagua mizigo ya abiria uwanja wa ndege huko Marekani. Alishapata uraia, anavaa sare, ni mfanyakazi wa serikali kabisa. Yeye ndiye hunisaidia karo ya kijana wangu wa sekondari, mwaka wa pili. Mwezi wa kumi alipata mshahara nusu, tangu hapo hakuna kitu. Anaamka saa tisa usiku, anakwenda kazini, anarudi, akaunti iko vilevile. Jumapili alinipigia akicheka kile kicheko cha mtu mwenye aibu: "Dada, safari hii nivumilie." Na shule imeshanitumia ujumbe, bado laki nne na nusu.

Redio inasema serikali yao imefungwa, leo siku ya 37, Bunge halijakubaliana kuhusu bajeti. Sasa rais wao si ana mamlaka ya dharura? Mwaka 2019 si alitangaza hali ya dharura ili apate hela ya ukuta wa Mexico? Ukuta upate, mtu anayeamka saa tisa akose? Na kwetu mbona sijawahi kusikia serikali imefungwa? Nielezeni taratibu, si kwa lugha ya mawakili.

Lori Mzito

Mama, kwanza nakudai chenji ya elfu mbili ya wiki iliyopita. Pili, hao wanacheza tu. Mkubwa akitaka kulipa analipa. Wanajeshi wao walilipwa mwezi wa kumi huohuo serikali ikiwa imefungwa. Wa uwanja wa ndege hawana vifaru, basi.

Mhasibu Mstaafu, Tororo

Nyabo, pole. Nimekaa na vitabu vya hesabu vya wilaya miaka 22, acha nijaribu.

Bila shaka uko kwenye kikundi cha akiba. Lile sanduku lenu la chuma lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wanachama watatu tofauti. Mwenyekiti anaongoza kikao, anatoza faini waliochelewa, lakini ufunguo hana hata mmoja. Mwenye ufunguo mmoja akinuna akabaki nyumbani, siku hiyo hakuna mkopo, hata kama mwanachama ana mgonjwa. Rais wa Marekani ndiye huyo mwenyekiti. Katiba yao inasema hela haitoki Hazina ila kwa sheria iliyopitishwa na Bunge. Safari hii waliogombana ni maseneta, kwa sababu ya ruzuku ya bima ya afya, na pale Seneti unahitaji kura 60 kati ya 100 ili muswada usogee.

Dharura haifungui sanduku. Inamruhusu mwenyekiti kuchukua hela ambayo ilishatolewa kwa kazi moja akaipeleka kwenye kazi nyingine, tena pale tu sheria inapomruhusu.

Watu wanachanganya mambo ya 2019. Trump alitaka dola bilioni 5.7 za ukuta, Bunge likakataa, serikali ikafungwa tarehe 22 Desemba 2018. Siku 35. Wafanyakazi kama 800,000 hawakulipwa. Siku ya mwisho, 25 Januari, waongoza ndege wachache hawakufika kazini, safari za ndege New York zikavurugika, na jioni serikali ikafunguliwa. Hela ya ukuta hakupata. Februari Bunge likampa bilioni 1.375. Tarehe 15 akasaini hiyo bajeti, na siku hiyohiyo akatangaza dharura, akageukia bilioni 3.6 za majengo ya jeshi. Unaona? Alichota kwenye ndoo iliyokuwa imeshajazwa.

Bunge halikunyamaza. Sheria yao ya dharura ya 1976 inaliruhusu kuikomesha, na mabaraza yake yote mawili, Seneti na Baraza la Wawakilishi, yakapiga kura kuikomesha. Seneti 59 kwa 41, wakiwemo maseneta 12 wa chama chake mwenyewe! Akatumia kura ya turufu, ya kwanza tangu aingie madarakani. Ili kumshinda hapo unahitaji theluthi mbili. Baraza la Wawakilishi lilipata 248 kwa 181, haikutosha. Kwangu mimi huo ndio ubovu wenyewe: kuwasha dharura ni saini ya mtu mmoja, kuizima ni theluthi mbili ya mabaraza mawili.

Mishahara ya kina mdogo wako haina ndoo ya kuchota kirahisi. Wana sheria ya 1884 inayokataza ofisi kutumia hela ambayo Bunge halijatoa. Kwa miaka mingi bajeti ikichelewa walikuwa wanaendelea na kazi tu, hadi 1980 Mwanasheria Mkuu wao, Benjamin Civiletti, aliposema sheria isomwe ilivyoandikwa: fungeni. Mwanzoni mwa 1981 akaongeza: isipokuwa wanaolinda maisha na mali. Mdogo wako ndiye huyo wa "isipokuwa", ndiyo maana anaamka saa tisa bila mshahara. Lori hajakosea sana, wanajeshi walilipwa kwa hela iliyochotwa kwenye fungu la utafiti wa jeshi. Lakini sheria ya 2019 inasema malimbikizo yatalipwa serikali ikifunguliwa.

Kwetu, ibara ya 154 ya Katiba ya 1995 imempa Rais ufunguo wa akiba. Tarehe 1 Julai ikifika bajeti haijawa sheria, anaweza kuruhusu hela itoke kwa muda usiozidi miezi minne ili huduma ziendelee. Ndiyo maana hujasikia kufungwa. Usidhani basi mishahara haichelewi. Mimi nilikaa miezi mitatu bila kitu kwa sababu mtu aliandika nane badala ya sifuri kwenye namba ya akaunti yangu. Mhasibu mimi, nikala kwa mkopo wa muuza mihogo.

Kabeji, Arua

Mzee umeeleza vizuri, ila umeionyesha nchi yetu kama haina doa. Soma ibara ya 110. Rais akitangaza hali ya dharura lazima aipeleke Bungeni ndani ya siku 14, na inakwisha kwa siku 90 Bunge lisipoiongeza. Sasa 2020 wakati wa korona? Amri ya kutotoka nje saa moja jioni, bodaboda marufuku kubeba abiria. Mimi ni wa bodaboda, nilibeba kabeji, ndipo jina hili lilipotoka. Jioni moja nilikamatwa saa moja na dakika kumi, kabeji 40 zikalala kituoni, asubuhi nikarudishiwa 26.

Hali ya dharura ilitangazwa? Haikutangazwa. Ilitumika sheria ya afya ya umma. Kwa hiyo zile siku 14 hazikuanza hata kuhesabiwa. Wamarekani walibishania dharura yao kwa kura, namba unazo. Sisi tuliishi dharura isiyo na jina.

Mhasibu Mstaafu, Tororo

Kabeji, hapo umenibana. Ila virusi vilikuwa vya kweli, na sheria ile ilikuwepo tangu enzi za mkoloni. Kama ilitosha kwa mambo mazito hivyo, sina hakika. Naona ingekuwa heri wabunge wangeulizwa.

Lori Mzito

Kabeji 14 nani alikula?

Kabeji, Arua

Mimi hilo siandiki humu.

Mama Chapo, Malaba (13 Novemba 2025)

Wadau, wamefungua. Rais amesaini usiku wao, kwetu ilikuwa alfajiri nakanda unga, simu ikalia mikono imejaa ngano. Siku 43. Anasema malimbikizo yatakuja, lini hajui, kodi ya nyumba itaanza kwanza. Shule nimewaomba wanisubiri hadi mwisho wa mwezi, wamekubali kwa kununa. Lori, chenji yako iko chini ya kopo la sukari, pita.

Mhasibu, nina moja tena. Anasema hela iliyopitishwa kwa ofisi yao ni ya hadi tarehe 30 Januari. Sisi muhula unafunguliwa mwezi wa pili. Nimwombe anitumie mapema, au nianze kuuza na maandazi?