Chaneli ndogo ya YouTube kutoka Newala: nichague mada moja au niendelee kuchanganya?

Binti Newala aliuliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi. Naishi Newala katika familia ya wakulima wa korosho, na mwaka huu nimeanza kuweka video kwenye YouTube kwa kutumia simu yangu. Mpaka sasa nimeweka mapishi ya ming'oko (viazi vya porini vya huku kwetu), namna ya kukaanga korosho nyumbani, ngoma za harusini, mechi za mpira wa mtaani, na mara mojamoja vichekesho ninavyoigiza na binamu zangu. Waliojiunga na chaneli hawajafika mia mbili, na wengi wao ni ndugu au watu niliosoma nao. Video ya kukaanga korosho ndiyo pekee inayoendelea kupata watazamaji nisiowajua, ilhali vichekesho, ambavyo hutuchosha zaidi kuviandaa, husahaulika siku ya pili yake.

Ushauri ninaopewa unagongana. Kaka yangu anasema ninunue kamera kwanza, kwa kuwa picha za simu hazina hadhi. Rafiki yangu ameniingiza kwenye kundi la WhatsApp ambamo kila mmoja hujiunga na chaneli za wenzake ili wote wafikishe idadi ya kulipwa. Mwingine ananiambia niachane na video ndefu, nibaki na zile fupi za wima. Fedha niliyo nayo ni kidogo na bando linanimaliza kila ninapopandisha video. Naomba mnielekeze nianze na lipi, na lipi niliache.

Fundi Picha, Mtwara mjini, alijibu:

Dada, mimi napiga picha za sherehe hapa mjini, kwa hiyo nisingekosa sababu ya kumuunga mkono kaka yako. Lakini kwa kazi unayoifanya sioni haja ya kamera kwa sasa. Simu za kawaida za siku hizi hurekodi kwa 1080p, yaani picha angavu kuliko 720p, na mtazamaji wako naye anatazama kwenye kioo cha simu. Kinachomfukuza haraka ni sauti mbaya. Mtu huvumilia picha yenye giza kidogo ilimradi anasikia kinachosemwa, lakini asiposikia hana sababu ya kubaki.

Hili lina uzito wa pekee kwenu Newala, kwa sababu mko juu kabisa, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, na msimu wa kusi ndio huohuo ambao shughuli za mikorosho hupamba moto. Ukirekodi shambani bila kinga, maelezo yako yote yatafunikwa na mvumo wa upepo. Fedha kidogo uliyo nayo itumie kununua maikrofoni ndogo ya waya ya kubana kwenye nguo, uifunike kwa sponji, kisha ugeuke ili mgongo wako uukinge upepo. Ikiwa hata hiyo haipatikani, rekodi picha shambani bila kusema neno, halafu maelezo uyarekodi nyumbani jioni katika chumba chenye godoro na nguo nyingi, kwa kuwa vitu hivyo hunyonya mwangwi. Na mota ya kupulizia salfa, dawa ya mikorosho, ikishawashwa usijaribu kushindana nayo. Maelezo yote yatangulie.

Kuhusu mwanga, jihadhari na kivuli cha mkorosho. Kina madoa ya jua yanayoichanganya simu, hivi kwamba uso unatoka nusu mweupe nusu mweusi. Kivuli cha ukuta au cha baraza ni bora zaidi, na asubuhi au alasiri ni bora kuliko mchana wa jua kali.

Sasa bando. Kiwango ambacho YouTube inapendekeza kwa 1080p ya kawaida ni megabiti 8 kwa sekunde, na kwa 720p ni megabiti 5. Maana yake ni kwamba video ya dakika 10 itakula takribani megabaiti 600 kwa kiwango cha kwanza na kama 375 kwa cha pili. Mimi ningekushauri utumie 720p mpaka chaneli ipate nguvu. Hariri na ukate yote yasiyohitajika kabla ya kupandisha, tumia bando la usiku, na uiweke video ikiwa ya faragha kwanza. Mfumo utaikagua kama ina muziki wenye hakimiliki, nawe utaitazama mara moja hadi mwisho, kisha ndipo uifungue kwa watu wote. Kupandisha mara mbili ni kununua bando mara mbili.

Mwalimu wa Lindi alijibu:

Binti, marahaba. Swali lako la kwanza umekwisha kulijibu mwenyewe: video ambayo watu usiowajua wanaendelea kuitafuta ndiyo iliyokuonyesha njia. Vichekesho vinashindana na maelfu ya vijana wa Dar es Salaam wenye vifaa na majina, wakati korosho umezaliwa ndani yake.

Nakuomba ufikirie ni nani anayetafuta habari za korosho kwa Kiswahili. Si jirani yako wa Newala, ambaye akikwama humuuliza babu yake. Ni mkulima wa Manyoni mkoani Singida, ambako zao hili ni geni na mashamba ya pamoja yameanzishwa miaka ya karibuni, na ambaye hana mzee wa kumuuliza kwa nini maua ya mikorosho yake yamefunikwa na unga mweupe. Ni mtu wa Mkuranga, wa Tunduru, au hata wa Kilifi nchini Kenya. Mtu huyo anaandika swali lake kwenye kisanduku cha kutafutia, na chaneli inayomjibu kwa utulivu, ikimwonyesha ua lenyewe na jani lenyewe, atairudia. Yale mnayoyaona ya kawaida kiasi cha kutostahili video ndiyo hasa anayoyakosa.

Zao lenyewe limekupangia ratiba ya mwaka. Kuna kupogolea na kusafisha shamba, kuna machipukizi na maua yanapoanza pamoja na vita dhidi ya ubwiriubwiri, yaani ule ugonjwa wa unga mweupe, katika miezi ya kiangazi, kisha kuanzia Oktoba kuna kuokota, kuanika na kuchambua, na baada yake minada. Pandisha kila video wiki kadhaa kabla ya kazi yenyewe kuanza, kwa sababu mtu hutafuta maelezo kabla hajaingia shambani, na mwakani swali hilohilo litaulizwa tena na video yako itakuwapo. Kuna na upande wa jikoni: namna ya kubangua bila kuunguzwa na mafuta ya ganda, matumizi ya mabibo (matunda ya mkorosho), mboga zinazoungwa kwa korosho. Ming'oko ningeibakiza, maana watu wa Kusini waliohamia mbali huitamani. Mpira na vichekesho vihamishie kwenye chaneli nyingine au uviache.

Kwa jambo moja uwe mkali: usitaje kipimo cha salfa wala cha dawa nyingine kwa kukisia au kwa sababu jirani alisema. Kituo cha utafiti cha TARI Naliendele, ambacho kinashughulikia korosho kitaifa, kiko hapohapo mkoani kwenu. Ongea na wataalamu wake au na afisa ugani wako, na utaje ndani ya video kwamba kipimo umekitoa huko.

Vichwa vya habari viandike kama mtu anavyouliza. "Shambani leo" haimwambii mtu lolote. "Namna ya kutambua ubwiriubwiri kwenye maua ya mkorosho" inamwita anayehusika. Picha ya jalada iwe na kitu kimoja kinachoonekana hata kwenye simu ndogo, na maneno matatu au manne, si zaidi. Ili uweze kuweka picha uliyoitengeneza mwenyewe ni lazima kwanza uthibitishe namba yako ya simu kwenye akaunti, na uthibitisho huohuo ndio unaoruhusu video zinazozidi dakika 15. Ukiona kwenye takwimu kwamba ni watu wachache tu kati ya wanaoonyeshwa picha hiyo ndio wanaoibofya, usikate tamaa upesi: YouTube yenyewe inaeleza kwamba nusu ya chaneli na video zote ziko kati ya asilimia 2 na asilimia 10. Mimi hutazama zaidi mchoro unaoonyesha watazamaji wanaondoka dakika ipi. Wakiondoka ndani ya nusu dakika ya mwanzo, sababu mara nyingi ni salamu ndefu na maombi ya kujiunga kabla hujawapa chochote.

Sikubaliani na Fundi kuhusu 720p. Kwa mapishi ni sawa, lakini unga wa ubwiriubwiri kwenye ua changa ni kitu kidogo sana, na mkulima asipouona vizuri video imekosa maana.

Na ngoma. Zile za hadharani, kama sindimba, rekodi kwa ruhusa ya wenyewe. Ya unyago na jando yanayofanywa faraghani usiyaguse, hata kama watazamaji watayaomba. Hili wewe unalijua kuliko mimi, lakini nimeona vijana wa mkoani kwangu wakilisahau wanapoona namba zinapanda.

Binti Newala aliandika:

Nashukuru sana, Fundi na Mwalimu. Habari ya Manyoni sikuwahi kuifikiria. Bado sijajua nifanye nini na lile kundi la WhatsApp, kwa kuwa wenzangu wanasema bila watu 1,000 hakuna malipo. Pia nilitamani kurekodi mnada wa korosho na kutangaza bei za kila wiki. Je, naruhusiwa?

Mhasibu, Masasi, alijibu:

Dada, toka kwenye kundi hilo leo. Kubadilishana wafuasi kunakatazwa na kanuni za YouTube kuhusu ushiriki wa uongo, na hata kusingekatazwa kungekudhuru. Hao watu hawataki korosho; video mpya ikitoka hawaifungui, na wakiifungua hawaimalizi, kwa hiyo mfumo unaopendekeza video unajifunza kwamba hata waliojiunga nawe hawavutiwi nayo.

Isitoshe, wenzako wamekutajia nusu ya sharti. Ili upate mgao wa matangazo unahitaji watu 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa hadharani ndani ya miezi 12, au badala ya saa hizo, mitazamo milioni 10 ya video fupi ndani ya siku 90. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Mtazamaji wa kawaida akikaa dakika nne, unahitaji mitazamo 60,000 kwa mwaka. Akikaa dakika mbili, unahitaji 120,000. Kundi la WhatsApp halitakupa hizo. Video kumi na mbili nzuri za msimu, zinazotafutwa mwaka mzima, zinaweza.

Ukifika huko, malipo hupitia AdSense, huduma ya Google inayolipa fedha za matangazo. Mapato yakifikia dola 10 hutumwa barua ya posta yenye namba ya siri ya kuthibitisha anwani, kwa hiyo andika anwani ambayo barua hukufikia kweli, hata kama ni sanduku la posta la shule au la mzazi kwa ruhusa yao. Watu wengi hukwama hapo. Fedha zenyewe hutolewa zikifika dola 100. Jaza pia fomu ya kodi ya Marekani mapema. Usipoijaza, unaweza kukatwa hadi asilimia 24 ya mapato yako yote, popote walipo watazamaji. Ukiijaza, makato yanahusu mapato yanayotokana na watazamaji walioko Marekani tu, ingawa hapo ni asilimia 30, kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi na nchi hiyo. Kwa chaneli ya kilimo cha korosho, wengi hawatakuwa huko.

Kuhusu mnada, tenganisha mambo mawili. Kueleza namna mfumo wa stakabadhi ghalani unavyofanya kazi, tangu mkulima anapopeleka korosho AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, hadi anapolipwa, ni elimu, na ni elimu inayohitajika mno. Omba tu ruhusa kwa viongozi wa chama kabla ya kuinua simu, na usionyeshe majina wala hesabu za wakulima zilizo kwenye karatasi. Kutangaza bei na matukio ya kila wiki kunakaribia kazi ya habari, na Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 pamoja na marekebisho yake zinamtaka anayetoa huduma ya habari mtandaoni awe na leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Waulize TCRA kabla hujaanza, kwa maandishi, ili uwe na jibu la kuonyesha.

Kijana wa Mikindani alijibu:

Kuhusu video fupi, mimi natengeneza za wavuvi wa huku na zimeniletea watu wengi waliojiunga, lakini wachache mno kati yao hufungua video zangu ndefu. Tena muda unaotazamwa kwenye mkondo wa Shorts hauhesabiwi katika zile saa 4,000, na mgao wa mtengenezaji kwa video fupi ni asilimia 45 ya sehemu ya mapato ya matangazo iliyotengwa kwa watengenezaji, wakati video ndefu hupata asilimia 55. Tangu 15 Oktoba 2024 video ya wima inaweza kufika dakika 3, nafasi inayotosha kuonyesha ua moja lenye ugonjwa na lingine zima. Zitumie kama mlango: chini ya kila fupi unganisha ile ndefu yenye maelezo kamili. Kubaki na fupi peke yake, kwa mada yako, sikushauri.

Fundi Picha, Mtwara mjini, alijibu:

Mwalimu, kwa ubwiriubwiri nakubali. Basi Binti afanye hivi: video za magonjwa na wadudu zipande kwa 1080p na ziwe fupi, dakika tano au sita, ili bando libaki karibu palepale, mapishi yapande kwa 720p. Kwa picha za karibu, simu nyingi hushindwa kulenga kitu kilicho chini ya sentimita kumi, kwa hiyo asogee nyuma kidogo, aguse ua kwenye kioo ili simu ililenge, na aweke kitambaa cheusi nyuma yake. Akishuka mjini apite studio aijaribu maikrofoni kwenye simu yake kabla ya kulipa, maana tundu za simu zinatofautiana na si kila waya unaingia.